Sura ya Nne: Gurudumu Linapoteleza

Swali ambalo waendeshaji wa pikipiki wa Kitengela, Isinya na Kajiado huulizana kila msimu wa mvua unapoanza ni hili: kwa nini mtu aliyeendesha kwa miaka mitano bila kuanguka, mwenye leseni halali na pikipiki isiyo na hitilafu, huanguka asubuhi ya kwanza ya mvua, tena akiwa anakwenda polepole? Jibu linalosikika kwenye steji nyingi ni kwamba barabara ilikuwa mbaya. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu mahali hapohapo, dakika chache baadaye, hupita mwendeshaji mwingine mwenye pikipiki ya aina ileile na tairi zilizochakaa vilevile, akayumba, akanyooka, akaendelea na safari yake. Sura hii inachunguza kinachowatofautisha watu hao wawili, na inashikilia kwamba tofauti hiyo hufunzika, na kwamba mahali nafuu pa kuifunza ni uwanja wa vumbi, yaani eneo la wazi lisilopitiwa na magari, ambapo mwanafunzi huliacha gurudumu liteleze kwa makusudi, kwa mwendo mdogo, na kwa kurudia mara nyingi hadi mwili uzoee na uache kushtuka.

Mtungi mmoja, wahitaji watatu

Mshiko, kama neno hilo linavyotumika hapa, ni uwezo wa tairi kung'ang'ania ardhi bila kuserereka. Chanzo chake ni msuguano, ule ukinzani ambao mtu huuhisi anapoburura gunia la mahindi juu ya sakafu ya saruji. Pikipiki nzima, pamoja na abiria na mizigo yake, hugusa ardhi kwa mabaka mawili tu, kila moja likiwa dogo kuliko kiganja cha mtu mzima, na mabaka hayo ndiyo yanayofanya kazi zote tatu za safari: kuongeza mwendo, kupunguza mwendo na kukata kona. Mshiko unaweza kufananishwa na mtungi mmoja wa maji unaogombewa na watu watatu. Anayefunga breki akiwa ndani ya kona anachota mara mbili kutoka mtungi uleule, na barabara inapolowa mtungi huo huwa haukujaa tangu mwanzo.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ikifungwa breki vizuri kadiri inavyowezekana, huhitaji takriban mita 8 kusimama kwenye lami kavu na safi, takriban mita 16 kwenye changarawe iliyolegea, na zaidi ya mita 30 kwenye matope yenye utelezi mkali, bila kuhesabu zile mita 11 zinazoisha katika sekunde moja ya mwendeshaji kutambua hatari. Kwenye matope hayohayo, anayekwenda kilomita 20 kwa saa husimama ndani ya mita 8, kwa kuwa mwendo unaopunguzwa kwa nusu hupunguza umbali wa kusimama hadi robo. Hakuna ustadi wa mikono unaoweza kulipita punguzo hilo, na ni vyema msomaji alikumbuke kabla hajafika kwenye sehemu za sura hii zinazovutia zaidi.

Barabara moja, ardhi nyingi

Barabara ya kutoka Athi River hadi mpakani Namanga hupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil, na ingawa yenyewe ni ya lami, riziki ya mwendeshaji wa bodaboda iko kwenye vichochoro na njia za kando, ambako ardhi hubadilika pasipo tangazo lolote. Upande wa kaskazini, kwenye nyanda za Athi na Kapiti, ambako miamba ya chini ilitokana na volkano, umetanda udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao chembechembe zake hunywa maji na kuvimba, kisha hunywea na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Kuelekea kusini, kuanzia Kajiado hadi chini ya mlima Ol Doinyo Orok, ambao jina lake kwa Kimaasai lina maana ya mlima mweusi, miamba ni ya kale zaidi na ardhi huwa nyekundu yenye mchanga, ikikatwa na luga, yaani mikondo ya mito ya msimu. Juu ya yote hayo wahandisi wamemwaga moramu, ile changarawe nyekundu ya barabara za vijijini, ambayo vijiwe vyake vya mviringo hubingirika chini ya tairi kama gololi.

Udongo mweusi ndio mwalimu mkali kuliko wote, na tabia yake hubadilika saa baada ya saa. Manyunyu ya dakika kumi hulowesha uso wake tu, huku chini kukiwa kukavu na kugumu, na matokeo yake ni utando mwembamba unaoteleza kama sabuni juu ya sahani. Mvua ikiendelea, utando huo hugeuka tope zito linalojaza nafasi kati ya meno ya tairi hadi tairi jipya likawa sawa na lililokwisha kipara, kisha hujikusanya chini ya madigadi na kuligandisha gurudumu la mbele lisizunguke kabisa. Ndiyo maana pikipiki nyingi za eneo hili huonekana zikiwa zimeondolewa madigadi ya mbele au kuinuliwa juu. Mgeni hudhani ni uchakavu, kumbe ni utabibu. Anayetaka kuutambua udongo huu kabla hajauingia na aitazame miti. Ile migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi, ambayo hupiga mluzi upepo ukivuma, hupenda kuota kwenye udongo mweusi, na panapoonekana kundi lake, njia ya hapo haifai kuaminiwa baada ya manyunyu.

Ukame nao una mchango wake, ingawa huonekana kuwa kinyume cha utelezi. Sehemu kubwa ya Kaunti ya Kajiado hupata mvua chache, na nyingi kati ya hizo hunyesha katika miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kati ya misimu hiyo, dizeli inayovuja kwenye malori, masalia ya mpira wa tairi na vumbi laini hujilimbikiza juu ya lami, na mvua ya kwanza huvichanganya kuwa rojorojo kabla haijapata nguvu ya kuviosha. Wakati huohuo mwendeshaji amekaa miezi mingi bila kugusa utelezi. Barabara na mtu, vyote viwili, hufika kwenye mvua ya kwanza vikiwa katika hali mbaya kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Kwa ufupi: mshiko ni mdogo na hugawanywa, udongo wa Kajiado huupunguza kwa njia nyingi tofauti, na kiangazi kirefu humwondolea mwendeshaji mazoea aliyokuwa nayo.

Mikono inayokaza

Pikipiki ikianza kuteleza, mwili wa binadamu hufanya mambo manne bila kuagizwa: mikono hukaza usukani, vidole hubana breki, mkono wa kulia hufunga resi, yaani kile kishikio cha kuongezea mafuta, na macho hukazia mahali ambapo mtu anaogopa kuangukia. Mambo hayo ni mazuri kwa anayetembea kwa miguu, kwa maana humsaidia kujishikilia na kuona hatari. Kwa aliye juu ya pikipiki ni maangamizi. Gurudumu la mbele, likiachiwa uhuru kidogo, hujirekebisha lenyewe kwa kugeukia upande ambao pikipiki inalalia, na usukani uliokazwa hulinyima uhuru huo. Breki iliyobanwa ghafla hulifunga gurudumu, na gurudumu lisilozunguka halina tena uwezo wa kushika kwa upande. Resi iliyofungwa kwa ghafla huifanya injini ilivute gurudumu la nyuma kana kwamba breki imekanyagwa. Na pikipiki hufuata macho, kwa hiyo anayelitazama shimo hulifikia.

Magurudumu mawili ya pikipiki hayatelezi kwa namna moja. La nyuma likiteleza, pikipiki hupinda kiuno kama mkia wa samaki, jambo linalotisha lakini linalotoa muda, na mtu anaweza kusafiri mita kadhaa katika hali hiyo bila kuanguka. La mbele likiteleza, muda wa kurekebisha huwa chini ya sekunde moja. Kuna pia hatari ya tatu, isiyojulikana sana na wanaojifunza barabarani. Gurudumu la nyuma lililoserereka kando likipata mshiko tena kwa ghafla, kwa mfano mwendeshaji anapoachilia breki ya nyuma huku pikipiki imekwisha kukaa mshazari, nguvu iliyokuwa ikilisukuma kando huinyanyua pikipiki na kumrusha mtu upande wa pili, juu kwa juu, na anguko la namna hiyo huumiza zaidi kuliko lile la kulala ubavu.

Hayo yote yanaweza kusomwa kwa nusu saa, na hapo ndipo ugumu wa somo ulipo. Mkono haujui kusoma. Aliyeelezwa mara mia kwamba asikaze usukani bado ataukaza siku gurudumu litakapoteleza, kwa sababu woga hufika mkononi kabla ya fikira, na kitu pekee kinachoweza kuutangulia woga huo ni mazoea. Leseni haiyapimi mazoea hayo. Nchini Kenya, mwendeshaji wa bodaboda anatakiwa kuwa na leseni ya daraja A3, inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na mtihani wake hauhitaji mtahiniwa alitelezeshe gurudumu kwa makusudi kisha aliokoe. Kwa hiyo vijana wengi huteleza kwa mara ya kwanza maishani wakiwa na abiria nyuma na lori mbele.

Elimu iliyotoka viwanja vya udongo

Wazo la kujifunza lami kwa kupitia vumbi lina historia inayojulikana. Nchini Marekani kuna mbio za zamani za pikipiki zinazokimbiwa kwenye viwanja vya udongo vyenye umbo la yai, ambapo washindani hukata kona gurudumu la nyuma likiwa limeserereka, na kwa miongo mingi pikipiki zao hazikuwa na breki ya mbele kabisa. Kenny Roberts, aliyekuwa bingwa wa taifa hilo mwaka 1973 na 1974, alikwenda Ulaya na kuwa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa daraja la cc 500 kwenye lami, akautwaa mwaka 1978, 1979 na 1980. Mbinu aliyoileta ilikuwa ile ya udongoni: kuliongoza gurudumu la nyuma kwa resi badala ya kuliogopa. Baadaye alitengeneza uwanja wa mazoezi shambani kwake California, na Wayne Rainey, aliyefanya mazoezi naye, akawa bingwa wa daraja hilo mwaka 1990, 1991 na 1992. Nicky Hayden, bingwa wa mwaka 2006, alikulia kwenye mbio hizohizo za udongo, na Valentino Rossi wa Italia alijijengea uwanja wa vumbi karibu na kijiji chake cha Tavullia.

Kwa msomaji wa Kitengela, jambo la maana katika historia hiyo ni ukubwa wa vyombo. Roberts na Rainey, waliozoea mashine kali kuliko zote duniani, walifanya mazoezi yao shambani kwa pikipiki za cc 100, kwa kuwa pikipiki ndogo huteleza kwa mwendo mdogo, ni nyepesi kuinua, na haimwadhibu mtu kwa makosa yake. Pikipiki ya cc 100 au 150 ndiyo iliyojaa kwenye kila steji ya Kajiado, na vumbi lipo la kutosha na kubaki. Vumbi hilo limewahi kuwavuta hata madereva wa magari wa ngazi ya dunia, kwani mbio za Safari Rally za mwaka 2002, alizoshinda Colin McRae, zilipita Olooloitikosh, mwendo usio mrefu kutoka Kitengela. Kinachokosekana ni desturi ya kulitumia kama darasa.

Kuuchagua na kuupima uwanja

Uwanja unaofaa ni ule ambao tayari hauna nyasi, kwa mfano shimo la moramu lililoachwa au kiwanja cha mpira wakati wa kiangazi, na ruhusa ya mwenyewe iombwe kwanza. Kuyachimbua malisho kwa matairi katika nchi ya wafugaji ni ugomvi usio na sababu, na ardhi iliyovuliwa nyasi hubebwa na mvua ya kwanza. Miiba ya migunga iokotwe kabla ya zoezi, la sivyo siku itaishia kwa fundi wa pancha.

Ukubwa wake hauhitaji kuwa wa kutisha. Katika duara lenye nusukipenyo cha mita 10, yaani umbali kutoka katikati hadi ukingoni, tairi kwenye vumbi legevu hufika kikomo cha mshiko wake kwenye mwendo wa takriban kilomita 22 kwa saa, ambao ni mwendo wa baiskeli inayokanyagwa kwa bidii. Kwenye lami kavu, kikomo hicho hakifikiwi hadi mwendo upande sana na anguko liwe ghali. Thamani yote ya uwanja wa vumbi imo katika tofauti hiyo. Hata hivyo helmeti, glavu, viatu vinavyofunika vifundo na vikinga vya magoti na viwiko ni vya lazima, na mtu asifanye zoezi akiwa peke yake.

Mazoezi yenyewe

Mwanafunzi huanza kwa mstari ulionyooka. Anakwenda kilomita 20 kwa saa, anakanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu lifunge na kuburura, anatazama mbali, analegeza viwiko, kisha anaachilia kabla mkia haujaenda kando sana. Hurudia hata mara thelathini. Mara tano za kwanza huwa za hofu, kumi zinazofuata huwa za mchezo, na katika zile za mwisho ndipo mkono unapoanza kujifunza, jambo ambalo wakufunzi wasio na subira hulikatisha kwa kudhani kwamba mchezo ndio mwisho wa somo.

Baada ya hapo huja duara, linalowekwa alama kwa tairi kuukuu mbili zilizoachana hatua thelathini hivi. Mambo ya kuzingatia ndani ya kona ni haya:

- Pikipiki hulazwa chini huku mwili ukibaki wima zaidi, makalio yakihamia ukingo wa nje wa kiti, kinyume cha inavyofanywa kwenye lami.
- Uzito hukandamizwa kwenye kikanyagio cha nje, ili tairi lishindiliwe ardhini.
- Mguu wa ndani hunyooshwa mbele, ukielea juu ya ardhi bila kubebeshwa uzito.
- Macho hutafuta mahali pa kutokea, si tairi la mbele.
- Resi hufunguliwa kidogokidogo, na ikifungwa hufungwa taratibu vilevile.

Zoezi hufanywa kwa upande wa kushoto hadi liwe rahisi, kisha upande wa kulia, na karibu kila mtu hugundua kwamba ana upande mmoja ambao ni mjinga. Upande huo ndio unaostahili muda mrefu zaidi.

Ugomvi wa breki ya mbele

Katika jambo moja desturi ya wanamashindano haipaswi kuchukuliwa nzimanzima. Wao huiondoa breki ya mbele ili mwanafunzi asishawishike kuibana ndani ya kona, na kwa siku ya kwanza hilo ni busara. Lakini waendeshaji wengi wa bodaboda tayari wanaishi na imani kwamba breki ya mbele humpindua mtu, wakatumia ya nyuma peke yake maisha yao yote, ilhali uzito wa pikipiki inayosimama huhamia mbele, na kwenye lami kavu gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Kumfundisha mtu kama huyo vumbini bila breki ya mbele ni kumthibitishia kosa lake.

Kwa hiyo siku ya pili hutengwa kwa ajili ya breki hiyo. Pikipiki ikiwa imenyooka kabisa, katika mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa, mwanafunzi hubana kwa vidole viwili, kwa kuongeza kidogokidogo kama anayekamua chungwa bila kutaka kulipasua, hadi ahisi tairi likianza kulegea, na papo hapo huachilia. Kuachilia ndilo somo. Mkono ukishazoea kufunguka wenyewe unapohisi utelezi, mtu ameshinda lile jambo la asili lililoelezwa hapo juu, na hakuna zoezi jingine katika sura hii lenye faida kubwa kuliko hilo.

Mizigo

Mitungi minne ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa takriban kilo 80, na ikifungwa nyuma ya kiti huupunguza uzito ulio juu ya gurudumu la mbele, ambalo kwa hiyo hupoteza mshiko mapema zaidi. Mwanafunzi arudie zoezi la breki akiwa na mitungi miwili kwanza, kisha minne, kwani mzigo wa maji, mitungi isipojaa kabisa, una ubaya wa ziada wa kuchezacheza. Abiria wa kweli asitumiwe.

Kile ambacho vumbi halifundishi

Inafaa mipaka ya mafunzo haya ielezwe waziwazi, kwa kuwa aliyejifunza nusu huwa jasiri kuliko asiyejifunza kabisa. Kwenye vumbi, tairi hupoteza mshiko polepole na kuurudia polepole. Kwenye lami iliyolowa au yenye dizeli, hupotea kwa ghafla na kurudi kwa ghafla, na hapo ndipo lile anguko la kurushwa juu linapotokea. Kucheza na mkia wa pikipiki, jambo lililokuwa mazoezi uwanjani, halina nafasi mbele ya foleni ya malori ya Namanga. Wala hakuna ujuzi wa tairi unaosaidia ndani ya maji ambayo chini yake hakuonekani. Mafuriko yaliyoikumba Kitengela mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024, hadi watu wakahitaji kuokolewa, hayakuwa jambo la mshiko.

Kinachovuka kutoka vumbini hadi lamini ni vitu viwili: mkono uliolegea na sikio la makalio, yaani uwezo wa kuhisi kupitia kiti kwamba gurudumu la nyuma limeanza kuhama kabla macho hayajaona lolote. Waliopitia mafunzo haya hupata pia tabia ndogo inayoweza kuonekana na yeyote anayesimama kando ya barabara Isinya mvua inapoanza. Wakiwa wamenyooka, bila gari nyuma yao, hugusa breki ya nyuma kwa wepesi mara moja au mbili, wakiisikiliza lami, kisha huamua mwendo wa kilomita zilizobaki. Na wanapofika mahali pa kuiacha lami kuingia njia ya udongo mweusi, wengine husimama, hushuka, na kuikanyaga ardhi kwa kisigino: kikiteleza juu huku chini kukiwa kugumu, pikipiki husukumwa hadi kwenye nyasi za kando, ambako mizizi bado inaushikilia udongo, na safari huendelea kutokea hapo kwa gia ya pili.